Medali Mbili na Ungo wa Mama

Nikipita kando ya majaruba, mpunga ukianza kujaza punje, ile harufu yake huniwasha miguu. Enzi za usichana wangu, kijijini hakuna msichana aliyenishinda mbio. Mwalimu alikwishaniandika jina niende Kilosa, kwenye mchujo wa wakimbiaji wa wilaya. Aliyenizuia ni mwenyekiti wa kijiji, wala simsingizii. Alisema kwelea kwelea watamaliza shamba la ujamaa, hivyo nibaki kuwinga ndege. Akaenda binti yake, ambaye nilikuwa namwacha nyuma hata nikiwa na ndoo kichwani.

Baada ya mavuno, tukiwa tumeizunguka redio ya kijiji, ikatangazwa kwamba wanamichezo wetu wamepata medali mbili huko ng'ambo. Mwenyekiti akasimama.

"Ndugu zangu, taifa limefaulu. Zipo nchi zimerudi mikono mitupu."

Mama alikuwa karibu anapepeta mpunga. "Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba."

"Sisi tukipepeta hatutazami kilichobaki kwenye ungo tu. Tunatazama na chini, tusije tukamwaga punje nzima pamoja na mapepe matupu. Medali zako mbili nimezisikia. Huyu binti yangu ulimmwaga kwa nini?"

Watu wakacheka huku wameinamisha vichwa. Mwenyekiti akasema betri zinakwisha, akazima redio.

Leo wajukuu wananihesabia medali za kila nchi, nani wa kwanza, nani wa mwisho. Nawaambia hiyo ni nusu ya hesabu. Waniambie kwanza ni wangapi waliachwa shambani.