Aliyeshona Ndiye Anayejaribu

Mama Vifungo alikuwa haogopi mtu. Kwa miaka kumi na minane alishona sare za shule, na mzazi aliyekuja kulalamika kwamba sketi imebana alirudishwa kwake na jibu kwamba sketi iko sawa, ni mtoto ndiye aliyenenepa. Jina hilo walimpa kwa sababu vifungo vyake havikatiki. Shati lilichakaa, likawa tambara la kudekia, na vifungo bado vimekazana palepale. Kwa hiyo ukiambiwa mwanamke huyu alitetemeka mpaka akashindwa kutunga uzi, usikatae haraka. Sikiliza kwanza.

Sare zilipoanza kuja zimeshonwa tayari, zimepangwa ndani ya makontena, cherehani yake ilinyamaza. Ndipo akapata kazi kwenye chuo cha michezo ya upepo kando ya ziwa. Chuo chenyewe ni banda la mabati lenye vyumba viwili: kimoja cha mbao za kuelea na majaketi ya kuokolea maisha, kingine cha meza ndefu, cherehani na mabawa yanayosubiri tiba. Bawa ni kitambaa chepesi kilichokazwa na mrija mnene unaojazwa hewa kwa pampu. Mchezaji hulishika kwa vishikio viwili, na kitu pekee kinachomfunga nalo ni kamba ya kiunoni. Akisimama juu ya ubao, upepo humvuta. Chini ya ubao kuna mguu wa chuma wenye mapezi mfano wa mabawa ya ndege, na mwendo ukikolea, mapezi hayo huunyanyua ubao mzima ukatoka majini. Mama Vifungo alipomwona mara ya kwanza mtu akipita juu ya ziwa bila kuligusa, alisema wendawazimu wengine hawaokoti makopo, akarudi kwenye kazi yake.

Mwenye chuo, ambaye watu wote walimwita Kocha, alikuwa na sheria moja aliyoiandika kwa rangi ukutani juu ya meza ya kushonea: aliyeshona ndiye anayejaribu. Bawa lililotengenezwa halimfikii mwanafunzi mpaka fundi wake aingie nalo majini, arudi, atie sahihi kwenye daftari. Kwa Mama Vifungo sheria hiyo ilikuwa imelegezwa. Mama wa watu hata kuogelea hajui, alisema Kocha, basi akawa anamjaribia yeye mwenyewe. Wakaenda hivyo miezi minane, mpaka bega la Kocha likateguka.

Jumatatu moja asubuhi alikuja mkono umefungwa shingoni, akasimama karibu na meza, akaongea huku akitazama sakafu. Daktari amemkataza bawa kwa miezi mitatu. Atamfundisha Mama Vifungo kwa wiki mbili. Ikishindikana, itabidi amchukue fundi mwingine, bwana mmoja anayeshona na kupanda ubao, ambaye ameshakuja mara mbili kuulizia nafasi.

"Sikufukuzi, mama," alisema. "Ila ile sheria sikuiandika kwa ajili ya pambo."

Mama Vifungo aliitikia kama aliyeulizwa iwapo atakunywa chai. Kocha alipotoka, aliendelea na kilichokuwa mkononi, kishikio cha mbele cha bawa la manjano. Tundu la sindano lilikataa uzi mara nne. Akamaliza, akafunika mshono kwa kiraka cha juu, akalitundika bawa ukutani.

Nyumbani mumewe, ambaye ni kinyozi na kwa hiyo ana neno kwa kila jambo, aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, mama watoto."

Akajibiwa kwamba yeye hajavua chochote, amesukumwa. Kinyozi alicheka tena, safari hii peke yake. Kisha akaona chai ya mkewe imeganda utando juu, akasogeza kiti. Binti yao alitaka kujua ziwa lina kina gani pale katikati, baba yake akamkumbusha kwamba ana hesabu za kufanya.

Hofu ya Mama Vifungo haikuwa na kisa. Hakuna ndugu yake aliyezama, hakuna aliyemtabiria mabaya. Alikulia mahali ambapo maji yalikaa ndooni, na ndoo ina mwisho, unaona sakafu yake. Ziwa halikumwonyesha sakafu. Siku ya kwanza Kocha alimweka kwenye maji ya kiuno, jaketi limembana kifuani, akamwambia alale chali aelee. Aliulalia ule mkono wa Kocha usioumia, akauacha na alama za kucha tano. Siku ya tatu alielea. Siku ya nne alipiga mikono na miguu akafika kwenye boya na kurudi, akatapika maji kidogo na uji mwingi.

Kwenye nyasi alikuwa hodari, hilo lazima tumpe. Bawa alilielewa kwa vidole. Alijua kitambaa kinapojaa na kinapolegea, na ndani ya nusu saa alilizungusha kichwani kwa namna ambayo wanafunzi hutumia siku mbili kuipata. Kocha alitabasamu. Wakaingia majini, na tabasamu likaishia hapohapo.

Kanuni ya kwanza ya mchezo huu ni kwamba ukianguka, unaachia. Bawa likiachiwa linalegea, linaelea, kamba ya kiuno inalizuia lisiende. Ukilishika, upepo unaondoka nalo, na wewe unaondoka pamoja nalo. Mtoto wa darasa la pili huelewa. Lakini Mama Vifungo alikuwa na miaka karibu ishirini ya kufundishwa kinyume. Kitambaa kilicho chini ya sindano hakiachwi. Ukikiachia, mshono umepinda na kazi imeharibika. Kila alipopiga magoti ubaoni, akayumba na kuanguka, vidole vyake vilikaza. Bawa lilimburuta uso chini, maji yakamjaa puani, na Kocha akimfuata kwa boti ndogo, akiiendesha kwa mkono mmoja.

"Achia, mama! Achia!"

Alisikia. Vidole ndivyo havikusikia. Alitolewa hivyo mara saba kwa siku, na kila mara aliapa kwamba inayofuata ataachia. Wiki ya pili wakafunga ule mguu wa chuma chini ya ubao, na hofu ikapata kitu kingine cha kula: akianguka vibaya, mapezi yale yatamkata. Kocha alimwelekeza aanguke mbali na ubao na asiondoe kofia ngumu kichwani. Alifanya yote hayo, na bawa akalishika vilevile.

Ilipofika Jumatano ya wiki hiyo ya pili, alikuwa mezani anamalizia pindo la bawa jingine. Mwisho wa mshono mkono wake ulirudisha cherehani nyuma mara tatu ili kuufunga, wenyewe, bila kuagizwa. Hapo akasimama. Je, lile la manjano alilifunga?

Alijaribu kukumbuka ile Jumatatu. Alikumbuka tundu la sindano. Alikumbuka Kocha akitazama sakafu. Mwisho wa mshono haukuwemo kichwani mwake. Alilishusha bawa, akakivuta kishikio, kikakaa imara. Lakini mshono usiofungwa nao hukaa imara, mpaka siku utakapovutwa kwelikweli. Kiraka kilifunika kila kitu. Sasa hofu ilikuwa imehama. Ilikuwa imetoka ziwani, ikaingia mikononi mwake.

Na bawa lile lilikuwa na mtu wake. Jumamosi lilimsubiri mfamasia wa mtaani kwao, mwanamke mwembamba, mpole, ambaye alichagua rangi ya manjano ili mumewe aweze kumwona akiwa ufukweni. Kishikio kikimchomoka mbali na boti, atabaki na bawa linalopigapiga kwa kamba na upepo unaompeleka asikokujua. Mama Vifungo alikaa na jambo hilo siku nzima ya Alhamisi, na hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba atalijaribu mwenyewe Ijumaa, na likikatika, limkatikie yeye. Saa hiyohiyo akajua kwamba anajidanganya, kwa sababu jinsi anavyoanguka kila baada ya hatua mbili, hawezi kulijaribu hata pazia.

Ijumaa upepo uliamka na hasira. Ziwa lilikuwa limechafuka, povu kila mahali, na Mama Vifungo alisimama mlangoni ameshika jaketi. Kocha alitazama maji, akamtazama yeye. Akamwonea huruma. Alichukua daftari, akafungua kifuniko cha kalamu kwa meno, akasema upepo huu si wa mwanafunzi. Leo atasaini yeye, mara hii moja, kisha wataendelea Jumatatu.

"Mkono wako naujua," alisema. "Hauna makosa."

Hakuna maneno ambayo Mama Vifungo alikuwa ameyaombea zaidi ya hayo. Mwili wake wote uliyakubali. Kazi imebaki, maji yamebaki kule, hakuna aliyeumia. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza si kusema uongo, ndivyo tunavyojidanganya sote. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Usisaini," alisema. "Sikumbuki kama niliufunga."

Kocha hakuelewa. Ikabidi aeleze kuhusu ile Jumatatu na uzi na mikono, na alivyoendelea kueleza ndivyo sauti ilivyozidi kushuka. Mficha uchi hazai, lakini kuuweka uchi mezani mbele ya mwajiri nako si lelemama. Kocha aliweka kalamu chini, akamletea wembe wa kufumulia.

Mama Vifungo alifumua kiraka taratibu. Mshono ulikuwa umenyooka, mzuri, wa kupigia picha. Mwisho wake haukufungwa. Aliushika uzi kwa vidole viwili akavuta, ukaja wote, laini, bila ubishi, na kishikio kikabaki mkononi mwake. Kocha alikitazama. Kisha akaichukua ile kalamu akaifunika.

Mama Vifungo alitarajia kufukuzwa. Kocha alisema tu, "Shona upya. Upepo ukipungua tunaingia."

Ulipungua alasiri, si sana. Mama Vifungo aliingia na bawa la manjano, akapiga magoti ubaoni, akasimama. Upepo ulijaa. Ghafla kelele za maji chini ya miguu zikakoma, na akatambua kwamba ubao umetoka majini, kwamba hakuna kitu chini yake ila mguu mmoja wa chuma. Alipiga ukelele ambao Kocha anausimulia mpaka leo. Kisha akaanguka, mbali na ubao, na akakishika kishikio kwa makusudi. Aliacha bawa limburute. Alining'inia kwenye kishikio kwa uzito wake wote, macho ameyafumba, akisubiri kisikie uchungu na kikatike, akahesabu mpaka kumi. Hakikukatika. Ndipo akafumbua vidole, kimoja kimoja, na bawa likalala juu ya maji kando yake kama shuka lililoanikwa.

Alitia sahihi kwa mkono uliolowa, wino ukatawanyika.

Jumamosi hakuweza kushona. Alisimama ufukweni karibu na mume wa mfamasia, ambaye hakujua kwamba yeye ndiye fundi, na aliyekuwa akimsimulia habari za mvua. Mfamasia alianguka mara tisa. Kila alipopotea nyuma ya wimbi, Mama Vifungo aliacha kupumua, na akaona kwamba hofu ya jana ilikuwa ndogo, maana jana alikuwa anajiogopea mwenyewe tu. Saa moja na robo baadaye mwanamke yule alitoka majini anacheka, nywele zimemganda usoni, akampa bawa na kumwambia ni zuri, linavuta vizuri.

Alilipeleka ndani, akalitundika. Juu ya meza palikuwa na jingine, jekundu, limepasuka pembeni. Aliketi, akachukua sindano, akaona mikono inatetemeka. Akairudisha sindano mahali pake, akaweka mikono mapajani, akasubiri itulie. Ilichukua muda mrefu, na Kocha alipochungulia mlangoni, hakumuuliza anangoja nini.