Wade Agoma Katikati ya Uwanja

Wade Prudhomme alijua ameuzwa alipokuta jina lake limebanduliwa kwenye kabati lake. Begi lilikuwa bado begani. Pale palipokuwa na jina palibaki alama ya gundi tu.

"Mzee Otis, ndiyo nini hii?"

Otis, mfua jezi wa timu, aliinamia kapu la jezi na soksi. "Usiniulize mimi, mwanangu. Nimeambiwa nibandue, nikabandua. Nasikia unapelekwa timu ya Nebraska."

Nebraska! Damu ilimpanda kichwani. Tangu atoke kwao Louisiana na gongo lake la besiboli, Wade alikuwa akirushwa hivyo hivyo kutoka mji hadi mji kwenye ligi ndogo. Alicheza nje, kule mbali karibu na ukuta, ambako kazi ni kukimbilia mpira uliopigwa juu na kuudaka kabla haujagusa chini. Goti la kushoto lilimalizikia huko. Ligi kuu aliionja kiangazi kimoja, wakamrudisha kumpisha kijana aliyependwa na magazeti. Kila alikofukuzwa walimsifia kwanza, naye akameza, akafunga mizigo na mkewe, Earlene. Safari hii Earlene alikuwa ameapa hahami tena.

Na kocha mwenyewe alikuwa Hollis Brandvold! Hollis aliyelala naye chumba kimoja enzi za ujana, aliyesimama upande wake siku ya harusi. Leo kajifungia ofisini kama mwizi.

Wade akachomoa jezi yake kapuni, akaivaa, akatoka hadi katikati ya uwanja, akakaa chini kwenye nyasi.

Watazamaji walikuwa wameshajaa. Mwamuzi alimfuata kumwondoa, akarudi ametukanwa. Wapinzani wakacheka kutoka kwenye benchi lao: "Babu, umechoka? Tukuletee mto?"

"Mleteeni mama yenu!" alifoka Wade.

Mchezo ukashindwa kuanza. Mwishowe Hollis akaja mwenyewe, kofia mkononi.

"Inuka, Wade. Unanitia aibu."

"Aibu unaijua wewe? Umemtuma mzee wa watu abandue jina langu! Niambie kwa mdomo wako."

"Nilijaribu kuwazuia wenye timu..."

"Mwongo!"

Hollis akatazama chini. "Sawa. Sikujaribu. Walisema timu inafungwa mno, lazima mtu aondoke, mimi au mchezaji mkongwe. Nikakutoa wewe."

Wade akainuka. Watu wakajua ngumi inakuja. Alivua jezi, akamsukumizia kifuani.

"Haya. Ivae wewe."

Akaondoka kifua wazi. Watu walisimama wakampigia makofi, naye hakuwapungia hata mkono.

Nebraska alikwenda peke yake, akaipiga mipira ya watu kwa hasira msimu mzima mpaka goti likakataa kabisa. Akarudi kwa Earlene, akawa fundi wa kupaka nyumba rangi.

Miaka mingi baadaye simu ililia. Hollis, sauti imezeeka: timu inawaalika wachezaji wa zamani, kutakuwa na nyama choma, waje na wake zao. "Njoo, ndugu yangu. Yale yalishapita."

"Yalipita kwako," alisema Wade, akabamiza simu.

"Ungeenda tu," Earlene akasema, "ukale nyama yao."

"Iwakwame kooni!"

Akachukua ndoo yake ya rangi, akatoka nje.