Kamba ya Bendera, Kiwanja cha Watoto

Mwenye nguvu mpishe, waliniambia. Wacha niseme mapema: mimi si wa kupisha mtu. Nimefundisha shule ya msingi chini ya mlima Kasigau miaka mingi, na tajiri aliyetaka kiwanja chetu cha michezo alinikuta hapo.

Alikuwa na hati, eti. Hati ya kiwanja ambacho wazazi walikifyeka kwa mapanga, watoto wakiwa mgongoni. Tukaenda kortini. Ijumaa asubuhi mwenyekiti wa wazazi akanipigia simu kutoka Voi: amri ya kusimamisha kazi ilitoka jana yake jioni, amelala mjini, sasa ndiyo anapanda bodaboda kuileta. Nikamwambia afanye haraka, kwa sababu trekta la tajiri lilikuwa limeshaingia getini.

Watoto walikuwa wamejipanga gwaride. Msimamizi wa tajiri, bwana mmoja wa miwani nyeusi, akaniambia niwaondoe.

Hapo nikamkumbuka marehemu baba. Nilipokuwa mdogo tulikaa Voi, na saa kumi na mbili jioni kipenga kikilia bendera ishushwe, kila mtu barabarani anasimama tuli: mwenye mkokoteni, mama wa mboga, wote. Siku moja baba hakusikia, akaendelea kutembea, na askari akamzaba kofi mbele yangu. Niliichukia ile bendera miaka mingi. Hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Nikashika kamba ya bendera mwenyewe, nikapuliza kipenga. "Mguu sawa!"

Dereva wa trekta, mtu mzima wa rika langu, akazima injini, akashuka, akavua kofia. Hakuna aliyemwambia. Ndivyo tulivyolelewa sisi. Msimamizi naye akabana mikono mapajani.

Nikavuta kamba inchi moja, nikasimama. Nikawauliza watoto rangi nyeusi ni nini. "Wananchi." Inchi nyingine. Nyekundu? "Damu iliyomwagwa kutafuta uhuru." Nyeupe? "Amani na umoja." Nikawaeleza ngao na mikuki ni ya kujilinda, na wala sikufupisha. Tulipofika kijani niliuliza kwa hasira, sikuificha. Watoto wakajibu, "Ardhi yetu." Nikawafanya warudie wakitazama trekta.

"Mwalimu, malizia basi," msimamizi alinong'ona bila kugeuza shingo.

"Haraka haraka haina baraka, bwanangu."

Jua likapanda. Watoto wa chekechea niliwaruhusu wakae. Viganja vilichubuka, mabega yakaniwaka moto, lakini kamba sikuiachilia. Saa mbili na nusu pikipiki ikaingia, mwenyekiti akiwa mwekundu kwa vumbi, amri ameificha ndani ya shati. Dereva ndiye aliyeisoma kwanza. Akapanda trekta lake, akalirudisha nyuma mpaka nje ya geti.

Kesi ingali kortini, na watoto wanacheza mpira kiwanjani kila siku. Wiki iliyofuata nililetewa barua kutoka ofisi ya elimu: nieleze kwa maandishi kwa nini shughuli ya dakika tano ilichukua saa nzima na zaidi. Nilijibu kwa mstari mmoja, nikatia sahihi: bendera ilikuwa bado haijafika juu.