Kartoni Chini ya Kamioneti

Juzi jirani alizima pikipiki yake mbele ya mulango wangu, harufu ya mafuta yaliyoungua ikaingia mupaka kwenye chungu cha sombe, majani yangu ya muhogo. Nikaacha mwiko. Sombe ikaungua nayo, lakini hiyo ni habari ingine.

Papa yangu, muntu wa reli, alikuwa na kamioneti, gari ndogo ya mizigo, ya bluu, iliyovuja mafuta. Haikuvuja sana: matone tu, kama pua ya mutoto wakati wa baridi. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, aliosha moteri kwa petroli, akaiacha ikauke, akainyunyizia unga wa muhogo, ule wa kusonga bukari yetu, kisha akaiwasha. Mafuta yalipotokea, unga ulilowana na kuchora njia. Mama alichukia.

“Papa Feza! Na mashine nayo inakula bukari?”

“Inakula kidogo kuliko wewe, Mama Feza. Lete kikombe kingine.”

Akishaona njia, alikata karatasi ngumu ya kuziba kati ya vyuma, akarudisha skuru kwa vidole viwili. “Ukikaza kwa hasira, unavunja. Kaza kwa adabu.” Jioni alitandika kartoni chini ya moteri. Asubuhi aliisoma kama padri anavyosoma kitabu chake, akajua kama kazi imeshika.

Ule mwaka Koko, mama yake Papa, aligonjwa kule Kirungu, juu milimani. Papa akasema: “Kartoni ikikaa kavu asubuhi tatu, tunapanda.” Mie nilikuwa na miaka munane, na nilimupenda Koko kuliko sukari. Baridi ya kule inauma. Kila tulipofika, yeye alinifunga miguu ndani ya kitenge chake, akanipa mahindi ya kuchoma.

Asubuhi mbili, kavu. Ya tatu niliamuka wote wakiwa bado wamelala: matone matatu, meusi. Nikaivuta ile kartoni, ya maziwa, yenye picha ya ngombe, nikaisukuma ndani ya makaa ya Mama yaliyobaki na moto. Pale chini nikatandika ingine, ya sabuni.

Papa alitoka, akainama. Aliangalia muda murefu. Akaniangalia na mie.

“Kavu,” akasema. “Feza, vaa viatu.”

Kwenye milima ya Marungu matone yakawa mufereji. Moteri ikatoa moshi, ikanyamaza. Papa alikata karatasi ingine, akakaza kwa adabu ileile, lakini mafuta ya moteri yalikuwa yamekwisha, na siku mbili zilipita kabla ya gari lingine kupita na kutugawia. Tulipofika Kirungu, udongo juu ya Koko ulikuwa bado mubichi. Wamama wakatuambia mupaka jana Koko alikuwa anauliza tu: “Hamusikii gari?”

Papa alisimama pale kofia mukononi. “Njo kosa yangu,” akasema. Nikafikiri anasema habari ya skuru alizokaza.

Sikumuambia habari ya kartoni. Si ile siku, si siku ya ndoa yangu, si kwenye kitanda alichofia. Nilipokuwa tayari na watoto wa kunidanganya, nikipanguza meza siku moja, njo nilisimama na kitambaa mukononi: muntu aliyesoma tone moja la mafuta, angekosa kuona ngombe amegeuka sabuni?

Aliona. Alitaka kumufikia mama yake kama vile mie nilitaka. Tulikaa nyumba moja miaka ile yote, kila muntu na kosa lake, kumbe lilikuwa moja. Ningefungua kinywa, tungelia pamoja.