Nyuki wa Mtakatifu Ambrosi

Sylvesta Nkunzimana alikuwa na kazi mbili katika Kigango cha Mtakatifu Ambrosi, ng'ambo ya vilima vya Titye: kugonga kengele na kusimulia historia ya kigango. Kengele aliigonga kwa kiasi.

Historia yenyewe ni fupi. Padre wa kwanza alipofika kujenga alikuta nyuki kwenye mti aliotaka kuukata. Hakuwachoma, aliwaomba radhi. Ukuta ulipokamilika wakahamia humo, juu ya altare, na tangu siku hiyo hawajamuuma mtu anayesali. Hayo tu. Mengine yote ni mbolea ya Sylvesta: mwaka huu padre kavuka mto kwa mtumbwi, mwaka ujao kavuka kwa mgongo wa mamba.

Baba yake alitoroka vita Burundi na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Mtoto ndiye Sylvesta. Sufuria ndiyo hiyohiyo anayoyeyushia nta ya nyuki wale, kutengenezea mshumaa wa Pasaka. Mkewe, Epifania, amekatazwa kuipikia hata maharage.

Mwaka 2014 kamati ya kigango ikapata mwenyekiti mpya, Mwalimu Godson, mtu wa Moshi, mnyoofu kama rula.

"Baba Sylvesta, kanisa si mzinga," alisema. "Jumapili ya sikukuu ya somo wetu, Mtakatifu Ambrosi, Paroko anakuja na wageni kutoka Kasulu mjini. Akiumwa mtu mmoja tu, Jumatatu napuliza dawa."

"Na asipoumwa mtu?"

"Sitawagusa tena."

Wiki nzima Sylvesta hakuonja hata lubisi, pombe yake ya ndizi. Jumamosi aliusogelea ukuta akawasihi nyuki kwa Kiha. Akahofu hawajaelewa, akarudia kwa Kirundi. Kiswahili alikiacha, wasije wakadhani wameitwa kikaoni.

Na kweli wakatulia. Misa ikaanza, ngoma zikalia, akina mama wakapiga vigelegele mpaka vumbi likadondoka darini, hakuna aliyejikuna. Ikabaki historia ya kigango. Angesema yale mafupi akaketi, mambo yangeisha hapo. Lakini wageni wa mjini walikuwa wamekaa mbele, wamemkodolea macho, na Sylvesta akikodolewa macho hajizuii.

"Padre alipofika hapa," alianza, "palikuwa na simba. Simba watatu!"

"Jana alikuwa mmoja," Epifania akanong'ona kwa sauti iliyofika mlangoni.

"Watatu! Babu yangu mzaa baba akamkamata mkubwa wao mkia, akamwambia padre, pita, baba, pita…"

Hapo nyuki mmoja akashuka taratibu kutoka ukutani, akatua kwenye mdomo wa Sylvesta wa juu, akamaliza shughuli yake.

Sylvesta akakakamaa kama nguzo ya umeme. Machozi yakamlengalenga, naye akaendelea: "Na thimba akalia…" Mdomo ulikuwa unaumuka kama andazi kwenye mafuta.

Mwalimu Godson akainuka. "Baba Sylvesta. Umeumwa?"

Sylvesta akafungua kinywa aseme hapana, akasikia nyuki mwingine anavuma karibu na sikio.

"Nimeumwa," akasema, akauangalia ukuta kama mtu anayeaga ndugu zake stendi.

Epifania akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Mwalimu, inasemwa hawamuumi anayesali. Sasa huyu alikuwa anasali?"

"Yebabawe!" akapaza sauti bibi mmoja nyuma. "Alikuwa anadanganya! Babu yake hajakanyaga Titye hata siku moja, kafia Burundi!"

Kanisa likalipuka. Paroko alicheka mpaka akaegemea altare. Mwalimu Godson alijitahidi kukunja uso, uso ukakataa.

"Basi wabaki," alisema akijifuta machozi. "Nyuki wanaomjua mwongo nikiwafukuza, nani atanisaidia kwenye vikao vya kamati?"

Sylvesta alitaka kupiga kigelegele, mdomo ukagoma. Akakimbilia kengele, akaigonga bila kiasi hata kidogo.

Tangu hapo matangazo ya misa yamekuwa mafupi, na mhazini akisoma ripoti haachi kutazama ukutani. Mwaka uliofuata, sikukuu ya somo ilipofika, Sylvesta alisimulia siku ile: nyuki walikuwa saba, naye hakutikisika. Ila wageni aliwatoa kwanza nje, mpaka ng'ambo ya uwanja wa mpira.