Mkono wa Athmani na Kesi ya Jamhuri

Naikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi waliyokuja wazee nyumbani kwetu Langoni, hapa Lamu, kumwombea msamaha askari aliyemvunja mkono mjomba wako Athmani. Uliponipigia simu juzi kuniambia umechaguliwa kuingia polisi, nilifurahi, kisha nikanyamaza mpaka ukadhani simu imekatika. Haikukatika. Nilikuwa nikiifikiria asubuhi hiyo, na nataka uijue kabla hujafunga mkoba wako. Usinicheke nikikawia njiani, maana mama yako mkubwa ni mtu wa kuulizauliza tangu utotoni, na kila swali lina hadithi yake.

Wewe ulikuwa ungali unabebwa mgongoni. Athmani alikuwa akishona kofia, zile za vitundu ambazo moja humla mtu miezi. Alasiri moja alikuwa barazani na wenzake, mara akatokea Afande Rashidi wa kituoni, akitafuta vijana waliorusha mawe sokoni. Akawaamuru wasimame. Wenzake wakasimama. Athmani alichelewa kidogo kwa sababu sindano ilikuwa katikati ya kitundu. Mimi nilikuwa dirishani juu. Nilimwona afande akimwangusha, akaukanyaga mkono wake wa kulia kwa buti na kulizungusha buti lile kama anayezima sigara. Athmani hakuwa amerusha hata kokoto, na hata kama angerusha, mkono ule haukuwa wa kufanyiwa vile. Vidole vyake havikunjiki sawasawa mpaka leo, umeviona mwenyewe.

Tukapeleka malalamiko. Wakaja wachunguzi kutoka Mombasa, watu ambao kazi yao ni kuwachunguza polisi na wao wenyewe si polisi. Hilo lilikuwa geni kwangu, nikawauliza wao huchunguzwa na nani. Mmoja alicheka, akasema atakwenda kuuliza. Rashidi akasimamishwa kazi na kushtakiwa mahakamani papa hapa Amu.

Ndipo wazee walipokuja. Lazima uelewe kwamba Rashidi hakuwa mgeni kwetu. Alitoka mbali, lakini aliswali nasi, na mkewe Zuhura alikuwa rafiki yangu. Nilikuwa nikitia maharusi hina, na yeye ndiye aliyekuwa akinichekechea majani. Wazee walikaa dakani, pale ukumbini mwa mlangoni, mimi nikasikiliza nyuma ya pazia. Rashidi aliomba radhi akilia, na nadhani alilia kweli. Athmani, ambaye kinyongo hakimkai, akasema amemsamehe duniani na akhera. Maalim Sudi aliyenisomesha Kurani akasoma Fatiha, tukainua mikono, kisha kahawa na haluwa zikapita.

"Mambo yamekwisha yeo," akasema mzee mmoja, na mimi niliamini yamekwisha siku hiyo hiyo. Nilifurahi kwa ajili ya Zuhura.

Siku chache baadaye nikaitwa mahakamani kutoa ushahidi. Nikaona kuna makosa, nikaenda kwa mwendesha mashtaka, binti mmoja wa bara, kumsaidia kuyarekebisha.

"Kesi hii imekwisha," nikamwambia. "Mwenyewe mesamehe."

"Kesi si yake, mama. Ni ya Jamhuri. Yeye na wewe ni mashahidi tu."

"Kwani Jamhuri ndiyo iliyovundwa mkono?"

Akacheka, akanivutia kiti. Akanieleza kwamba jirani akimpiga jirani kofi, mahakama yenyewe huwahimiza wapatane. Lakini kumvunja mtu mkono ni kosa zito, halifutwi kwa sababu wawili wamepeana mikono.

"Na hakuja kama jirani," akasema. "Siku hiyo alikuwa amevaa nini?"

"Sare."

"Ya nani?"

"Ya serikali."

"Basi."

Nikamuuliza mengi siku ile, mpaka watu waliokuwa wakingoja nje wakaanza kukohoa. Je, ikiwa mkubwa wake ndiye aliyemwamuru? Akasema amri ya kuvunja sheria haimkingi anayeitekeleza. Je, askari wenzake wakisimama kutazama tu? Nao wanaweza kuulizwa kwa nini hawakumzuia. Je, fidia ya mkono? Athmani anaweza kuishtaki serikali, kwa kuwa askari alikuwa kazini mwake, na serikali ikilipa, hulipa kutoka kodi tunayokatwa hata tukinunua sukari. Hilo la sukari lilinikera. Tumeumizwa sisi, na wa kulipa pia tumo?

Lakini swali kubwa hakuweza kunijibu, nikalipeleka kwa Maalim Sudi.

"Maalim, nikitoa ushahidi si nitakuwa nimeivunja ile Fatiha?"

Hakuwa mtu wa kukasirika, ila siku hiyo alikunja uso.

"Hukuya kuuliza wewe. Umekuya kutaka ruhusa ya kunyamaa," akasema. "Athmani mesamehe haki yake, Mungu amlipe. Haki ya wengine si yake kuisamehe. Fatiha niliisoma nyoyo zisafike. Sikuisoma mato yapofuke."

Nilitoka kwake nimetahayari, na bado sikuwa na uamuzi. Kufika nyumbani, nikamkuta Zuhura ananingoja, mtoto wake mdogo kiunoni. Akaniomba jambo moja tu, niseme jua lilikuwa usoni mwangu, sikuona vizuri. Hakunitisha wala hakunilaumu. Alisema Rashidi akifungwa hajui watoto watakula nini. Nilimpenda Zuhura, mwanangu, na nampenda mpaka leo. Nilimchukua mtoto nikampa maji, na siku ya kesi nikaondoka nyumbani sijui nitasema nini.

Kwenye veranda ya mahakama nilimkuta mzee aliyevaa kikoi, amekaa peke yake. Unanijua, sikuweza kukaa karibu na mtu nisimuulize amefuata nini. Akasema ametoka Mkokoni, amekuja kumtazama Rashidi. Kumbe kabla ya kuletwa Amu, Rashidi alikuwa kituo cha huko kwao. Alimpiga mwanawe mzee huyu sikioni kwa kitako cha bunduki, na kijana sasa husikia kwa sikio moja.

"Mukafanyaje?" nikamuuliza.

"Walikuja wazee. Alilia sana. Tukamsamehe, tukasoma Fatiha, tukanywa kahawa. Baadaye tukasikia amehamishwa."

"Hamukuuliza mepelekwa wapi?"

"Hatukuuliza." Akageuka akautazama mlango wa mahakama. "Kumbe tuliwaletea nyinyi."

Nilipoitwa nilisema nilichokiona. Wakili wa Rashidi aliniuliza kama jua halikuwa usoni mwangu, nikasema halikuwa. Zuhura alikuwa amekaa nyuma yangu, nami sikugeuka. Athmani naye alisema kweli yote, kisha akamwomba hakimu amhurumie Rashidi kwa sababu yeye alimsamehe na bado anamsamehe. Hakimu akasema msamaha huo utapunguza kifungo, lakini hautafuta kosa. Rashidi akafungwa na kazi ikaishia hapo. Fidia ya Athmani ilitoka baada ya miaka ya kwenda na kurudi. Zuhura aliwachukua watoto akarudi kwao bila kuniaga, na nililia sana, wala sioni haya kukwambia.

Mpaka leo najiuliza. Kama watu wa Mkokoni wangemsamehe na bado wakaenda mahakamani, si huenda Rashidi angepata adhabu ndogo, akajirudi mapema, akabaki na kazi na Zuhura akabaki na mume? Tulidhani tunamhurumia. Kila aliponusurika, alizidi kuzoea.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukishavaa sare, utakachomfanyia mtu utakuwa umekifanya kwa jina la watu wote, na watu wote wana haki ya kukuuliza. Ukiamrishwa kumwumiza mtu, kataa, maana utakayesimama kizimbani ni wewe. Ukimwona mwenzako anamkanyaga mtu, mzuie wakati huo huo. Usimfichie ukadhani ni urafiki. Na ukikosea, kwa kuwa binadamu hukosea, nenda ukaombe radhi kwa moyo wako wote, kisha nenda mahakamani ukaseme kweli. Usiende kwa aliyeumia kutafuta njia ya kutoroka. Anayekupenda akitoa ushahidi dhidi yako, usidhani ameacha kukupenda. Mimi nitakuwa wa kwanza.

Mungu akuvike sare hiyo kwa heri na akuvue kwa heri. Akupe ulimi mpole na mkono unaojizuia. Na kila watakapokuhamisha, watu unaowaacha waulize umepelekwa wapi, wakutumie salamu. Amin.