Kura Tatu za Nicanor

Kwenye kaburi la Nicanor, kisiwani Rusinga, kulikuwa na maneno yaliyochongwa katika saruji: ALIPIGA KURA TATU 1957. Emmaculate, mkaza mwana wake, ndiye aliyeyatunza. Kila Desemba aliyasugua kwa brashi na kuyapaka rangi nyeusi, kwanza akiwa na mumewe, kisha, baada ya mumewe kuzikwa kando ya baba yake, akiwa peke yake.

Zamani, alipochumbiwa kwao Uriri, baba yake aliuliza jambo moja tu: hao ni watu gani? Akajibiwa kwamba ni watu wa Kura Tatu. Ikatosha. Miaka yote aliyofundisha historia, Emmaculate alilivaa jina hilo kama gauni lililopigwa pasi. Hakugombana njiani, hakusengenya, wala hakuruhusu wanawe watoke nje na shati lisilo na kifungo.

Mwaka huu mwanawe Clifford alitaka kiti cha wadi. Bila kumuuliza mama yake, akachapisha mabango: MJUKUU WA KURA TATU. Kesho yake vijana wa bodaboda pale Mbita walikuwa wamepata mchezo.

"Clif, kumbe wizi wa kura mlianza zamani?"

"Babu tatu, baba sita, wewe je?"

Mmoja alivuka daraja hadi kaburini, akapiga picha, akaisambaza kwenye simu na maneno haya: Hata marehemu amekiri.

"Mama, nimemwita fundi Onchiri Jumamosi," Clifford alisema. "Ayafute."

"Babu yako hakuiba."

"Najua. Lakini nani ana muda wa kueleza?"

"Mimi ninao," akajibu, kwa sauti ya mtu ambaye hakuwa nao tena.

Alhamisi alikwenda kwenye kikao cha akina mama wa kanisa, akaomba nafasi. Akaeleza yale aliyoyaeleza darasani hadi koo likachakaa. Wakati wa ukoloni, Mzungu alitakiwa tu awe mtu mzima ili apige kura. Mhindi vivyo hivyo. Mwafrika aliporuhusiwa hatimaye kuchagua wajumbe wake, alipimwa kwanza: masomo yake, mapato yake, utumishi wake. Aliyefikia kipimo kimoja alipewa kura moja. Aliyefikia vingi alipewa hadi tatu. Nicanor alikuwa amesoma, alikuwa na mshahara, na alikuwa ametumikia jeshi.

"Kwa hivyo hakuiba," akamaliza. "Alipewa kwa sheria."

Wanawake wakatikisa vichwa kukubali. Alikuwa anaketi wakati Monicah, jirani yake muuza omena, dagaa wa ziwani, mwanamke aliyemzidi umri kwa mbali, alipoinua mkono.

"Nyar Uriri," akasema, maana wazee humwita mke kwa kwao alikotoka, "na baba yangu alikuwa na ngapi?"

Baba yake Monicah alikuwa mvuvi asiyewahi kuingia darasani. Jibu Emmaculate alikuwa nalo, na alikuwa nalo siku zote. Ila hakuwahi kutakiwa kulitoa mbele ya mtu linayemhusu.

"Hakuwa nayo, mama."

"Hata nusu?"

"Hata nusu."

Monicah akafikiri kidogo. "Ndiyo sababu baba mkwe wako akija kwetu alikula samaki wa watu watatu."

Kikao kizima kikacheka, Monicah mwenyewe akicheka hadi akajifuta macho kwa leso. Hapakuwa na ubaya. Emmaculate alitamani uwepo. Ubaya angejua kuujibu.

Asubuhi iliyofuata alimwona Monicah akipita na beseni lake kichwani, katika njia ile inayopita kando ya kaburi. Alikuwa akiipita tangu maneno yalipochongwa. Monicah alisalimu kama kawaida, na Emmaculate akaitikia akitazama chini.

Jumamosi Onchiri akafika na patasi.

"Futa neno moja tu," Emmaculate akamwambia. "TATU."

"Mama," Clifford akasema, "ukitoa hilo peke yake watasema tumeficha ushahidi."

"Watasema."

"Sasa tumesaidika nini?"

"Sifuti kwa ajili ya watu wa Mbita. Na mabango yako uyabandue."

Saruji ya zamani ilikuwa ngumu. Onchiri alipomaliza, pengo jeupe lilibaki katikati ya mstari.

"Nijaze kitu hapa, Mwalimu? Linaonekana."

"Acha."

Akachuchumaa kwa taabu, akafungua kopo la rangi na kuanza kupaka herufi zilizobaki. Monicah alikuwa anarudi kutoka ziwani. Akasimama, akasoma polepole.

"Mmepunguza."

"Tumepunguza, mama."

"Amebaki na ngapi?"

"Moja."

"Inamtosha," Monicah akasema, akaenda zake.

Emmaculate akachovya brashi tena. Mkono ulikuwa umeanza kumuuma, na kule barabarani pikipiki mbili zilikuwa zimesimama, simu zikiwa zimeinuliwa.